Amplifaya ya Baba Mkubwa

Amplifaya ya Baba Mkubwa iliingia nyumbani kwetu Mandewa, mjini Singida, ikitokea Kiomboi juu ya keria ya basi, imeviringishwa turubai katikati ya magunia ya alizeti. Ni Vox AC30 ya Uingereza, ile ya matundu sita, toleo la miaka ya 1960. Vijana wawili waliishusha kwa kupokezana pumzi.

Baba Mkubwa alipiga gitaa la ridhim enzi ambazo bendi nyingi za dansi zilikuwa chini ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki akihama, gitaa linabaki. Bendi ya Baba Mkubwa ilipovunjika, alipewa amplifaya hiyo badala ya mishahara aliyodai. Sasa mjukuu wake anaolewa, naye aliapa kumpigia kwa sauti ileile.

Mama Upendo, mama wa bibi harusi, aliipokea kwa sharti moja: ikae sebuleni hadi shughuli ipite, na isiguswe. Jioni wakaja wazee wa upande wa pili kukamilisha mazungumzo ya mahari. Mpwa wangu, kwa nia njema ya kuwaburudisha wageni, akaichomeka kwenye umeme. Ikanguruma. Ikazidi kunguruma. Kisha pu! Moshi ukajaa sebuleni, swichi kuu ikajizima, wageni wakatoka uani na sahani za kuku mikononi. Mahari ilimaliziwa nje kwa mwanga wa simu. Mama Upendo akatoa amri kwamba kitu hicho hakilali tena ndani, kikahamia stoo.

Kesho yake nyumba iligawanyika. Mpwa alitaka tung'oe kila kilichomo, tuweke bodi ya sabufa yenye bluetooth na pa kuchomeka flashi. Baba Mkubwa akamtazama kwa muda. "Mwanangu, ukishatoa hivyo utabakiwa na sanduku."

Tukaipeleka kwa fundi redio mzee, jirani na soko. Alipofungua tu, alituonyesha fyuzi: mtu fulani zamani aliizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi halali ingekatika mapema. Hiyo ilikaa imara hadi kapasita kuu zikapasuka. Kapasita hizo hulainisha umeme, na zikikaa miaka mingi bila kutumika huharibika ndani. Ukizipa volti zote kwa mkupuo, hupitisha umeme ovyo, huchemka na kupasuka.

Hakugusa waya hata mmoja kabla ya kuzimwaga kapasita zilizosalia kupitia rezista, akipima kwa testa mpaka ikasoma sifuri. Amplifaya ya vali hubeba zaidi ya volti 300 ndani, na kapasita zinaweza kuushika umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa. Mpwa alisogea nyuma mwenyewe.

Transfoma zilikuwa nzima. Vali ndogo, ECC83, zilipona. Zile nne kubwa, EL84, zilikuwa zimechoka, tukaagiza mpya kutoka Dar es Salaam. Bado zinatengenezwa, Slovakia na Urusi. Fundi akaweka kapasita mpya za volti 450 na fyuzi ya kiwango chake. Waya wa nyuzi mbili akaubadilisha kwa wa nyuzi tatu, wenye ethi iliyofungwa kwenye chuma cha amplifaya. Hayo ndiyo mabadiliko pekee aliyokubali kufanya. Mara ya kwanza aliiwasha kupitia balbu ya taa: balbu ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti. Ilimulika, ikafifia, vali zikaanza kuwa nyekundu.

Siku ya shughuli Baba Mkubwa alichomeka gitaa tundu moja na maikrofoni ya mpwa tundu jingine. Alipokaza vidole, sauti ilinenepa bila kukwaruza, kwa sababu vali zikizidiwa huikunja sauti polepole kabla ya kuikata. Mama Upendo alicheza hadi mwisho.

Kama nyumbani kwenu ipo amplifaya ya vali, msiiuze kama chuma chakavu, wala msiichomeke kuijaribu. Sehemu zake nyingi zinaonekana, zinapimika na zinabadilishika. Mpelekeeni fundi anayeanza kwa kumwaga kapasita. Asiyefanya hivyo, mnyang'anyeni bisibisi.