Nani Bi Mkubwa wa Jumong?

Ukitaka kuvuruga kikao cha chai ya rangi na vitumbua kibarazani kwetu Temeke, huna haja ya kuleta siasa wala habari za Simba na Yanga. Sema tu kwamba Soseono alikosea kuondoka. Kisha sogeza kikombe chako pembeni, maana kitamwagwa.

Kwa asiyemjua, Soseono ni yule binti wa tajiri wa misafara katika Jumong, sizoni ya Kikorea ya sehemu 81 iliyorushwa na televisheni ya MBC ya kwao kuanzia Mei 2006 hadi Machi 2007. Kwetu iliingia kwa DVD, zile zilizoshindiliwa sehemu nyingi kwenye sahani moja mpaka farasi na mpanda farasi hujui nani ni nani. Jumong ndiye steringi. Anaanza akiwa mwanamfalme goigoi, hata upinde hajui kuushika, anaishia kuwa mwasisi wa dola ya Goguryeo, ambayo Wakorea huhesabu kuwa ilisimama mwaka 37 kabla ya Kristo. Shangazi yangu, mwenye TV, deki na kibaraza, anaichukulia hadithi hii kama habari za ukoo. Ukimuuliza Prince Daeso ni nani, hakujibu kwanza; anakunja uso, anatema mate pembeni, ndiyo aanze.

Mgogoro wenyewe uko hivi. Jumong na Soseono wanapendana. Vita vinawatenganisha, Soseono anaambiwa mwenzie kafa, basi anaolewa na Wutae. Kumbe steringi hafi. Jumong kaokotwa majeruhi na watu wa kabila jingine, kauguzwa, na kamuoa binti wa huko aitwaye Ye Soya. Baadaye Soya anapotea na mwanawe mchanga, Yuri, ikaaminika wamekufa; Wutae naye anauawa. Wapenzi wa mwanzo wanaoana, wanajenga dola. Miaka inapita, dola imetulia, mara Yuri huyoo, kijana mkubwa, na mama yake yu hai! Soseono anawachukua wanawe wawili, Biryu na Onjo, anaelekea kusini.

Sasa, bi mkubwa ni nani?

Shangazi anasema ndoa huhesabiwa kwa tarehe. Soya kaolewa mwanzo, Soya ndiye mkubwa, na aliyekuja nyuma kafanya la maana kufungasha. Mama wa vitumbua haafiki hata kidogo. Soseono alitoa mali, alitoa watu, alitoa farasi. Mwanamume kaingia kwenye ndoa na upinde tu. "Yaani mtu ajenge nyumba mpaka bati, halafu aambiwe chumba cha mbele si chake?" Nesi wa nyumba ya tatu, aliyezoea kupoza watu, akajaribu kusema kwamba Soseono aliondoka ili watoto wasije kugombania kiti, na mwanawe Onjo akaenda kuanzisha Baekje, kwa hiyo hakuna aliyepata hasara. Alizomewa na pande zote mbili. Mpwa wangu, aliyekuwa anapita kwenda kuoga, akauliza Jumong mwenyewe alisemaje.

"Jumong alisema nini lini?" wakamjibu kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza jioni ile wakacheka wote.

Wote isipokuwa fundi cherehani. Huyu alikuwa kimya muda mrefu, na kwa kuwa ni mgeni mtaani hatukuwa tunajua kwamba naye ni mke wa pili. Shangazi aliporudia kwamba aliyekuja nyuma afungashe, fundi aliweka kisahani chini taratibu, akajifunga khanga upya. "Kumbe mnanisema mimi," akasema. "Si mngesema tu." Shangazi akaapa kwa Mungu kwamba wanamsema Mkorea. Fundi akauliza Mkorea gani wa kugombewa sauti ile na saa ile. Akaenda zake. Gauni langu la harusi ya binamu lilikuwa kwenye cherehani yake wiki hiyo. Lilirudi kwa wakati, limepigwa pasi vizuri, mkono mmoja ukifika kwenye kifundo na mwingine ukiishia kwenye kiwiko. Harusini nilipiga picha zote nikiwa nimekunja mkono nyuma. Waliotazama albamu wakadhani nimeficha kitu.

Na tungekuwa angalau tumeangalia kitu kimoja, ubishi ungekuwa mdogo. Shida ni kwamba wapo wanaosoma maandishi ya chini, na wapo wanaoangalia zilizotafsiriwa. Fani hii ya kutafsiri muvi kwa mdomo ina wakubwa wake. Dar es Salaam hii Lufufu aliijengea jina tangu enzi za kanda za video, na Kenya wana DJ Afro wao. Ila waliofuata nyuma yao ni wengi, na kila mmoja ana yake. Mtafsiri wa kwetu wala hatafsiri. Anasimulia kama aliyekuwepo. Maongezi ya mahaba yakirefuka anasema, "Hapa wanapendana," ananyamaza, unasikia kabisa anakunywa maji. Akimwona mtu usiyemjali anakudokeza, "Huyu muangalie vizuri, ana siku mbili tu za kuishi." Hakuna wa kumkaripia, maana yumo ndani ya sahani.

Basi mle Jumong kuna mhunzi aitwaye Mopalmo, kipenzi cha watu wote, anayehangaika sehemu baada ya sehemu kutafuta namna ya kufua panga za chuma zisizovunjika zikikutana na za jeshi la Han. Kwenye ile iliyotafsiriwa amekuwa fundi wa Gerezani. Anachelewesha kazi ya mteja, anasingizia mgao wa umeme, na anamwita steringi "mjomba" kila akifungua kinywa. Mama wa vitumbua, aliyeanza na toleo hilo, hadi leo anaamini Mopalmo ni ndugu wa damu wa mama yake Jumong, na akahoji kwa uchungu kwa nini mjomba mtu hakuitwa kuamua suala la wake wawili. Nesi akasema amesoma maandishi yote na hakuna udugu. Akaambiwa maandishi ni ya Kiingereza, na Kiingereza hakijui mjomba.

Wachina walikuja na utaratibu wao. Mwaka 2011 TBC walirusha ile tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake, imeingizwa sauti za Kiswahili na waigizaji kabisa, kila mtu na sauti yake, hakuna anayekunywa maji katikati. Mwaka 2013 Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam aliitaja kwenye hotuba yake. Jambo hilo Shangazi amelihifadhi kwa matumizi ya nyumbani. Mpwa akitaka TV kwa ajili ya gemu, anaambiwa, "Rais mzima wa watu anajua habari za sizoni, wewe unanizimia TV?"

Zama za flashi zilipokuja tulidhani tumepona. Unapeleka flashi kibandani, kijana anakujazia, unalipa, unaondoka. Hivyo ndivyo tulivyoipata Crash Landing on You, sehemu 16, ya yule dada tajiri wa Seoul, Yoon Se-ri, anayepaa na mwavuli, upepo unamchukua, anadondokea Korea Kaskazini mikononi mwa Kapteni Ri. Tuliiangalia kwa nidhamu. Usiku wa sehemu ya mwisho watu walikula mapema, watoto wakalazwa, mama wa vitumbua akaahirisha kuloweka mchele. Nikabonyeza namba 16. Ikafunguka kicheni pati.

Ilikuwa kicheni pati ya mtu tusiyemjua, ukumbi tusioujua, sare za zambarau. Tukarudisha nyuma, tukapeleka mbele, tukachomoa flashi tukaipuliza. Bi harusi yuleyule. Namba ya kijana wa kibandani ilikuwa haipatikani. Basi kuna aliyesema tuiache kidogo tumuone somo anavyoingia, na hapo ndipo tulipopotea. Tuliiangalia yote. Kufikia zawadi za wakwe tulikuwa tumeshagawanyika: wapo waliosema mama mkwe kanuna, wapo waliosema ndivyo uso wake ulivyo. Mtu wa sufuria alitoa sufuria zisizo na mifuniko. Siku mbili baadaye ubishi wa mifuniko ulikuwa bado unaendelea, na nilipoileta sehemu 16 ya kweli ikabidi nisubiri wamalize.

Waigizaji wenyewe, Hyun Bin na Son Ye-jin, walioana kweli Machi 2022. Shangazi alizipokea habari hizo kwa kuridhika kwa mtu aliyekuwa kwenye kamati.

Kuhusu gemu, nyumba yetu ilikuwa na mipaka. Jioni ni ya Wakorea. Baada ya saa nne usiku mpwa na wenzie wanachomeka PlayStation ya pili waliyoinunua mtumba, wanacheza mpira au Tekken 3, ile ya Namco ya mwaka 1998 ambayo haizeeki. Tekken ina sheria za mtaa zisizoandikwa. Kuu ni kwamba hakuna kumchukua Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kapoera, kwa sababu mtu asiyejua lolote anaweza kubonyeza vitufe vya mateke ovyo akampiga bingwa, na bingwa hapendi.

Usiku mmoja Shangazi alikuwa bado hajaondoka sebuleni. Alikuwa na malalamiko yake: sehemu ya siku hiyo ilikatizwa. Akawa anaangalia picha za wapiganaji zikipita, akaona kijana wa nywele za rangi ya chungwa.

"Huyu nani?"

"Hwoarang, Shangazi. Mkorea. Anapiga taekwondo."

Shangazi akakaa sawa. Hwarang anawajua. Ndio wale vijana wapiganaji wa ufalme wa Silla, kawaona kwenye Queen Seondeok ya mwaka 2009, sehemu 62, hakuruka hata moja. Na kweli jina la yule wa gemu limetoka kwao. "Nipe hiyo," akasema. Mpwa akasema pedi ni ngumu, inataka mazoezi. "Nimesema nipe."

Akaishika pedi kama anayepepeta mchele kwenye ungo, viganja chini, dole gumba la kulia limesimama juu ya vitufe viwili tu, cha msalaba na cha duara, ambavyo ndivyo vya mateke. Mpwa akamchukua Paul, yule mwenye nywele zilizosimama wima, akajiegemeza kwenye kochi kwa adabu, akapanga kumwachia mkubwa wake raundi ya kwanza. Hakuipata nafasi ya kumwachia. Hwoarang alinyanyua mguu na hakuushusha. Teke la juu, la kati, la juu, la juu tena. Paul anasimama, anarudi chini. Wenzie wakaanza kucheka, kisha wakaacha. Raundi ya pili mpwa aliinuka kwenye kochi, akapiga magoti mbele ya TV, ulimi nje, na Shangazi wakati huo alikuwa ameshageuka kumuuliza nesi kama amefunga mlango wa uani. Dole gumba likiendelea.

Alipiga wanne mfululizo, akarudisha pedi. "Mchezo mzuri," akasema, "ila hauna maneno." Kesho yake sheria ya mtaa ikaongezwa jina la Hwoarang.

Sizoni iliyotukutanisha wote chumba kimoja, wa gemu na wa machozi, ni Memories of the Alhambra ya mwaka 2018. Ni Hyun Bin yuleyule, safari hii ni mwenye kampuni, yuko Granada, Hispania, anacheza gemu inayoonekana kwa lenzi za machoni: unatembea mtaani kweli, adui anatoka ukutani na upanga. Kisha anamuua mwenzie ndani ya gemu, na mwenzie anakutwa amekufa kwelikweli, halafu anaanza kurudi. Kila akikaribia, mvua inanyesha na gitaa linalia. Wavulana walikuwa wanaeleza kiwango, silaha na damu. Wanawake wanaeleza talaka mbili za steringi. Kwa mara ya kwanza tulihitajiana.

Sehemu ya mwisho, mvua ya kwenye TV imeanza, gitaa limeanza, luku ikakata. Tukachanga, mpwa akanunua umeme kwa simu, akasimama na tochi kwenye mita huku mama wa vitumbua akimsomea zile tarakimu 20.

"Nne, sita, moja, tisa. Lakini yule dada angemfuata. Tisa tena."

"Hiyo tisa ya pili ni ya namba au ya maongezi?"

"Ya namba. Saba, sifuri. Mimi ningemfuata mpaka ndani ya gemu."

Mita ikakataa. Wakaanza upya. Ikakataa tena, maana safari hii nesi alichangia. Umeme uliporudi, tukamaliza, na mwisho wenyewe ukawa hivi: steringi katoweka, hakuna maiti, hakuna kaburi, mwaka umepita, na watu wanasema wamemuona mtu kivulini humo ndani ya gemu. Basi. Jina la mtayarishaji likapanda.

Sebule ilikaa kimya. Mpwa akasema kitaalamu kwamba jamaa hajafa, amekwama tu kwa sababu hakusevu. Shangazi akamgeukia.

"Kwa hiyo yumo?"

"Yumo, Shangazi."

"Basi kesho nenda Kariakoo kaniletee hiyo gemu, nimtafute mwenyewe."

Mpwa akamweleza kwamba gemu ile haipo, wameitunga tu kwa ajili ya sizoni. Shangazi akamtazama kwa muda, akavuta pedi upande wake.

"Haipo hata ya kuazima?"