Simu Pangoni

Simu ya mkononi haikosi katika mzigo wa msafara wa mapangoni, na wanaoitegemea zaidi ni wale ambao hawajawahi kuingia pangoni. Mawimbi yake, ya mamia ya megahezi na kuendelea, humezwa na mwamba wa chokaa. Kona ya kwanza ikipitwa, mtandao umekata, na betri inaliwa kwa kuutafuta mnara ambao hauna habari. Kuanzia hapo kifaa cha mamilioni ya shilingi kinafanya kazi ya tochi, tena tochi hafifu. Kifurushi cha mwezi, angalau, kinabaki salama salimini.

Juni 2014, mvumbuzi mmoja wa mapango aliangukiwa na jiwe kichwani ndani ya pango la Riesending, kusini mwa Ujerumani, kwenye kina cha karibu mita 1,000. Nchi hiyo haina uhaba wa minara. Hata hivyo habari ya ajali ilitoka kwa miguu na mikono: mwenzake alipanda kamba kwa zaidi ya saa 10 ndipo akafika pa kupigia simu. Waokoaji walishuka na Cave-Link, mtambo usiojua selfi wala emoji, unaopenyeza ujumbe mfupi mwambani kwa masafa ya chini mno. Majeruhi alitolewa Juni 19. Kwingineko waokoaji hutandaza waya wa simu hadi chini, kama enzi za babu. Ukikatika, unaungwa, na maongezi yanaendelea.