Namna ya Kuondolewa Vikwazo vya Silaha Bila Kupandisha Sauti

Mheshimiwa balozi mpya, serikali yako inataka bunduki za halali na Baraza la Usalama limesema hapana. Usihamaki. Somalia imeshakuchongea njia. Zifuate nyayo zake.

Kwanza, jaliwa umri mrefu. Azimio namba 733 liliipiga Somalia marufuku ya silaha Januari 1992. Ukikabidhiwa faili kama hilo ukiwa kijana, mwandae mwanao aje kulipokea.

Pili, usitamke "ondoeni". Sema "legezeni". Mwaka 2013 Baraza lililegeza kamba kwa mwaka mmoja, silaha nzito zikabaki kifungoni. Shukuru. Mwakani rudi ukashukuru tena.

Tatu, zipende fomu. Kabla shehena haijatua, Kamati ya Vikwazo itataka kumjua mtengenezaji, muuzaji, namba za bunduki, ukubwa wa risasi, idadi, tarehe na mahali pa kupokelea, hadi ghala zitakamohifadhiwa. Jaza yote kwa mwandiko safi. Usijiulize waasi wa al-Shabaab, wanaopigana na serikali, wao hujazia wapi. Wala usikumbushe kwamba, marufuku ikiwa palepale, bunduki ziliwahi kuuzwa soko la Bakaara, Mogadishu, kama viazi. Hayo mezani hayasemwi.

Nne, jua hesabu: unahitaji kura 9 kati ya 15, na katika wale wakubwa watano asitokee wa kukupiga turufu. Posa ya namna hii haiendi bila washenga. Novemba 2022 vikwazo viliongezewa muda kwa kura 11; Gabon, Ghana, China na Urusi wakakunja mikono. Wanadiplomasia ndivyo wanavyonuna.

Tano, waachie wakubwa mlango wa kutokea, maana hakuna anayependa kukiri kwamba amechelewa. Tarehe 1 Desemba 2023 Baraza lilipitisha maazimio mawili kwa mkupuo: la 2713 likawabana al-Shabaab, la 2714 likaifungulia serikali. Hakuna aliyeonekana kurudi nyuma. Marufuku ilihama nyumba tu.

Mvumilivu hula mbivu, hata mbivu zenyewe zikiwa risasi. Kutoka azimio la kwanza hadi la mwisho ilipita miaka 31 na miezi 10. Serikali iliandika barua, ikajaza fomu, ikasubiri majibu. Al-Shabaab hawakuandika barua hata moja.