Barua ya Wazi kwa Wapanga Ruti za Ndege: Mwanza Kupitia Baharini

Kwenu Waheshimiwa mnaopanga safari za ndege za ndani,

Pokeeni pongezi kwa kuwashinda wachora ramani. Wao hung'ang'ania kwamba Mwanza iko kaskazini mwa Mbeya, karibu kwenye longitudo ileile, na kwamba kutoka Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, hadi pale ziwani ni kilometa kama 720 kwa mstari ulionyooka. Ninyi hamkukubali urahisi huo. Abiria wa Mbeya anayekwenda Mwanza, kwa kawaida, mnampeleka kwanza Dar es Salaam, kilometa 690 hivi, aione Bahari ya Hindi, kisha mnamgeuza kaskazini-magharibi kilometa nyingine 850. Wa Kigoma anayekwenda Mbeya mmempendelea zaidi: kilometa zake 600 mmezikuza zikafika kama 1,770. Ndege ya Q400, hiyo ambayo watu wameibatiza pangaboi, ingeimaliza Songwe–Mwanza kwa saa moja na robo hivi. Kupitia Dar ni karibu saa tatu hewani, na hapo bado hamjahesabu muda wa kusubiri ndege ya pili huku mtu akinunua maji kwa bei ya uwanjani.

Mtasema abiria wa ruti hiyo hawapo. Kweli, hakuna aliyewahi kukutwa amekata tiketi ya ndege isiyoruka. Lakini mabasi ya Mbeya–Mwanza yapo, yanazunguka kwa Iringa, Dodoma na Singida, na waliomo hawakupanda ili kutalii. Si wote wanaoweza nauli ya ndege, hilo nalikubali. Ila pangaboi lenyewe lina viti 76 tu, na hakuna anayeomba liruke kila siku.

Hoja yenu nzito ni nyingine: Dar ndiko wanakokusanyika abiria, ndiko mafundi na marubani waliko, na ndege ikitoka Dar lazima irudi Dar. Sawa, na irudi. Itoke Dar, ipite Songwe, ikatize hadi Mwanza, kisha irejee nyumbani. Pembetatu hiyo ni kilometa kama 2,260. Kwenda na kurudi Songwe, halafu kwenda na kurudi Mwanza, ni kama 3,080. Yapo mapungufu: anayetaka kurudi kwa njia ileile atasubiri siku ambayo ndege inazunguka upande wa pili, na viti vya Dar vitapungua kidogo. Hayo ni mambo ya ratiba. Wajerumani walioifikisha Reli ya Kati Kigoma mwaka 1914 walikuwa na sababu ya kuelekeza kila kitu bandarini, maana walikuwa wanasafirisha mali, na reli ikishalazwa haihami. Ndege haijalaziwa reli. Hata mkiona aibu kuiacha kabisa desturi ya kupita makao makuu ya nchi, makao makuu siku hizi ni Dodoma, na kupitia huko Mbeya–Mwanza inakuwa kilometa kama 930.

Basi tunaomba majaribio ya miezi sita: mara mbili kwa wiki, siku moja pembetatu izungukwe kwa kutangulia Songwe, siku nyingine kwa kutangulia Mwanza, na nauli itangazwe mapema ili watu wajipange. Viti vikibaki wazi, turudishieni ruti ya baharini, nasi hatutauliza tena.