Afande, Kabla Hujaiuliza Mashine

Afande wa Parkdale, Toronto, umeletewa picha yenye ukungu kutoka kamera ya duka pale Queen Street West, na vidole vinakuwasha uiingize kwenye mashine ya kutambua nyuso. Subiri kidogo.

Anza kwa kumwambia mkuu wako. Wenzako wa Toronto walijikwaa hapohapo. Kati ya Oktoba 2019 na Februari 2020 baadhi yao walitumia Clearview AI, programu iliyozoa picha zaidi ya bilioni 3 mitandaoni bila kumwomba mtu ruhusa. Mkuu wao, Mark Saunders, alipopata habari akaamuru waache. Mwaka uliofuata makamishna wa faragha wa Kanada walitamka kwamba kampuni ya Clearview AI ilikuwa ikichunguza umma mzima kinyume cha sheria. Tangu 2022 Bodi ya Polisi ya Toronto ina sera inayopanga vyombo vya akili mnemba kwa viwango vya hatari, na vyenye hatari iliyokithiri haviruhusiwi kabisa. Isome kabla ya kupakua chochote.

Halafu jiulize unamtafuta nani. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilionyesha kuwa programu nyingi humfananisha mtu na asiye yeye mara nyingi zaidi akiwa Mwafrika wa Mashariki au wa Magharibi kuliko akiwa wa Ulaya Mashariki, pengine hata mara 100. Sasa pita Jameson Avenue uone wanaoishi huko: Watibeti, Wafilipino, Wakaribi, Waafrika. Mashine itakujibu upesi uleule, iwe imepatia au imekosea.

Likija jibu, liandikie asili yake: nani alitafuta, kwa programu ipi, kwa picha gani, na wangapi wengine walitajwa. Hapa ndipo ninapokusihi hasa. Wanawake wawili Wasomali waliopewa hifadhi Kanada walivuliwa hadhi ya ukimbizi baada ya serikali kudai kwamba picha zao ni za Wakenya walioingia kwa vibali vya masomo. Walipotaka kujua picha hizo zililinganishwa kwa chombo gani, serikali ilikataa kusema, ikaegemea sheria ya faragha. Faragha ya nani, ikiwa nyuso ni zao wenyewe? Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ilitengua uamuzi huo na kuamuru shauri lisikilizwe upya. Mtu yeyote wa pwani ya Afrika Mashariki angeiambia serikali mapema: kutoka Lamu hadi Kismayu kuna koo zenye ndugu pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Somalia, na nyuso hazibadiliki forodhani.

Kwa hiyo usimkamate mtu kwa kufanana tu. Nenda kwa mwenye duka, uliza saa, tafuta shahidi, hakikisha mtuhumiwa alikuwa wapi. Akifikishwa mahakamani, wakili wake akabidhiwe kila ulichoiuliza mashine na kila ilichojibu, pamoja na majina uliyoyatupa. Na ukigundua umekamata asiyehusika, mfuate kwake mchana, majirani wakiona, umwombe radhi kwa jina lako na cheo chako.