Barua ya Wazi: Tusubiri Watoto Wafikie Wavu

Kwa Waheshimiwa,
Uongozi wa Shirikisho la Mpira wa Wavu la Rwanda,
Kigali.

YAH: PONGEZI KWA WAVU KUTOSHUKA

Waheshimiwa, huku Kanzenze, Rubavu, baridi ni ileile na viazi vimekubali. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu tangu 2017 ni lugha rasmi ya nchi hii, na pia kwa sababu Goma ya Kongo iko karibu nasi kiasi kwamba watoto wetu wakigombania mpira hutukanana kwa lugha hiyohiyo.

Nia yangu ni kuwapongeza. Wavu wa wanaume una mita 2.43, wa wanawake 2.24, na kwenye viwanja vya shule nilivyopita mimi, nguzo ni za urefu mmoja tu: ule wa wanaume. Mtoto wa miaka tisa akisimama chini ya wavu huo huinua macho kama mkulima anayengoja mvua. Mwanzoni nililalamika. Sasa nimeiona hekima yake: mtoto asiyeweza kuvusha mpira hatamsumbua mtu kwa kutaka kucheza.

Niwasimulie mechi moja, shule siitaji. Watoto wa darasa la tatu na la nne, sita kwa sita, uwanja kamili wa mita 18 kwa 9, mpira wa watu wazima wenye gramu 260 hadi 280. Aliyeweza kuanzisha mpira ukavuka alikuwa msichana mmoja tu, aliyewazidi wenzake kimo. Aliupiga kwa ngumi kutoka chini, ukapaa, ukaangukia katikati ya watoto watatu waliobaki kutazamana. Pointi. Akapiga tena. Pointi. Wenzake watano walikuwa wamejipanga vizuri kabisa, mikono mifukoni kwa ajili ya baridi. Mmoja wa kona ya nyuma aliona nafasi, akaketi na kuanza kufunga kamba za viatu. Mpira ulipotoka nje uliporomoka mteremko hadi kwenye shamba la viazi la jirani, na mvulana aliyetumwa kuufuata ndiye pekee aliyetoka jasho asubuhi ile. Seti iliisha bila timu yoyote kufikisha pasi ya pili. Kocha wa washindi akarukaruka kwa furaha. Hesabu yake ilikuwa sahihi, kwani katika umri ule mwenye mtoto mmoja wa kuvusha mpira ameshachukua kombe, na hao wengine kazi yao ni kutimiza idadi.

Na kombe lina mahali pa kuandikwa kwenye ripoti. Mtoto aliyegusa mpira mara arobaini kwa siku moja ataandikwa wapi?

Waheshimiwa, nawatahadharisha kwamba wapo wachochezi. Hao wanataka watoto wacheze watatu au wanne kila upande, kwenye uwanja mdogo, kwa mpira mwepesi usiochubua mikono, na wavu, au hata kamba tu, uwekwe mahali ambapo mkono wa mtoto unafika. Eti anayeanza aruhusiwe hata kuudaka mpira kwanza kisha aurushe. Uchochezi huu umeota mizizi hadi Lausanne, kwa wakubwa wenu wa FIVB, shirikisho la dunia, ambako mini-voliboli inajulikana tangu miaka ya 1970.

Mbaya zaidi, wanatumia historia. Wanasema William Morgan alipoubuni mchezo huu mwaka 1895 kule Holyoke, Marekani, aliwafikiria wanaume wa makamo, wafanyabiashara walioona mpira wa kikapu unawavunja mbavu. Wavu aliowafungia ulikuwa futi 6 na inchi 6, yaani mita 1.98. Basi mabwana wenye ndevu na vitambi walipewa mita 1.98, na wa kwetu wa darasa la tatu anapewa 2.43. Sijawahi kuona mtoto wa Kanzenze akipewa heshima kubwa namna hii.

Najua pia kwamba wachezaji hupatikana kwa njia za mkato. Septemba 2021, katika mashindano ya Afrika ya wanawake pale Kigali, timu yetu ya taifa ilichezesha wanawake wanne kutoka Brazil wasiostahili kuichezea. Tukaondolewa mashindanoni tukiwa wenyeji, nyumbani kwetu, na kombe wakaenda nalo Wakameruni. Sifukui kaburi. Nasema tu kwamba mpango huo ukirudi, safari hii mtuletee Wabrazili wa miaka tisa wenye mita mbili, maana huku hawajazaliwa.

Utani niuache kidogo. Huko Huye kuna mashindano ya kumkumbuka Alphonse Rutsindura, mwalimu na kocha wa Seminari Ndogo ya Virgo Fidelis, aliyeuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Timu za shule hushindana humo, na jina linalotajwa ni la mtu aliyefundisha wanafunzi. Nchi yenye kumbukumbu kama hiyo haihitaji kuelezwa wachezaji wanatoka wapi. Wala wilaya yetu si ngeni kwenye mchezo huu: Julai 2021 ufukwe wa Kivu hapa Rubavu ulipokea mashindano ya kimataifa ya voliboli ya ufukweni. Kutoka ufukweni kupanda hadi kwetu kuna barabara ya lami. Mipira myepesi ingeweza kuipanda.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Waandikieni makocha wa shule barua ya ukurasa mmoja: chini ya miaka kumi na miwili wavu ushuke, wachezaji wapungue, na aliyevusha mpira mara tatu mfululizo ampishe mwenzake. Mkipata mipira kumi myepesi, tutaipokea kwa mikono miwili. Mashimo msihangaike nayo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, kazi yetu ya pamoja, ukiisha, sisi wazazi tutachimba ya nguzo mbili fupi. Miti tunayo, kamba tunayo.

Jibu lenu likichelewa, wavu tutaushusha wenyewe.

Wenu katika kujenga taifa,
Mzazi na kocha wa kujitolea,
Kanzenze, Rubavu.

Nakala: Mama mwenye shamba la viazi chini ya uwanja. Mpira wetu bado uko kwako, tunaomba uturudishie.