Misemo Kumi ya Kiingereza Inayonuka Samaki, Kuanzia Mkiani Hadi Kichwani

Waingereza ni watu wa kisiwani. Kijiji chao kilicho mbali na bahari kuliko vyote, Coton in the Elms, kipo kama kilomita 113 tu kutoka pwani. Ukisafiri umbali huo kutoka Dar es Salaam, Morogoro hujafika. Ndiyo maana lugha yao imejaa samaki, ndoana na nyavu. Tatizo ni kwamba nusu ya misemo hiyo inaonekana kutungwa na watu waliokutana na samaki sahani­ni, akiwa ameshakaangwa. Kwa hiyo nimeipanga kumi kwa kipimo kimoja: mvuvi akiusikia, ataitikia au ataguna? Wabishi karibuni, hii orodha ni yenu.

10. "Packed like sardines"

Kubanana kama sadini koponi. Abiria wa Mbagala anauelewa huu bila mwalimu, lakini sadini wanaonewa. Wao wamepangwa kwa adabu, kichwa huku mkia kule, wamemiminiwa mafuta, na hakuna konda anayewapigia kelele kwamba nyuma kuna nafasi. Hukumu: daladala imeshinda, sadini warudi kabatini.

9. "Loan shark"

Huyu ni mkopeshaji wa riba ya kuumiza. Sisi tunamwita kausha damu na hatujamhusisha kiumbe yeyote wa baharini, jambo la busara. Nenda Kilindoni, kisiwani Mafia, msimu wa Oktoba hadi Machi, ukamwone papa potwe. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kupita mita 12, na riziki yake ni vijidudu na vijisamaki anavyovichuja huku amepanua mdomo. Watu wanaogelea ubavuni mwake. Hajawahi kuingia kwa mtu akatoka na kochi na televisheni. Hukumu: papa aombwe radhi, hadharani.

8. "Jump the shark"

Husemwa pale tamthilia au msanii anapoishiwa na kuanza vituko. Tarehe 20 Septemba 1977, tamthilia ya Marekani iitwayo Happy Days ilimwonyesha Fonzie, jamaa wa koti la ngozi, akiteleza juu ya maji na kumruka papa. Koti hakulivua. Watu wanasema hapo ndipo ilipoanza kufa, ila iliendelea kuonyeshwa hadi 1984. Hukumu: wapo watayarishaji ambao wangemkodi papa huyo kesho asubuhi.

7. "Drink like a fish"

Kunywa kama samaki, yaani kulewa chakari. Hapa pana kesi ya kweli, na jibu lake linategemea unaishi wapi.

Sato wa Ziwa Victoria hana haja ya kunywa. Mwili wake una chumvi kuliko maji ya ziwa, hivyo maji yanamwingia yenyewe, hasa kupitia matamvua, na shughuli yake kubwa ni kuyatoa kwa mkojo. Changu wa baharini mambo yake ni kinyume kabisa: chumvi ya bahari inamvuta maji mwilini, basi hana budi kunywa na kunywa tena, kisha chumvi ya ziada aitoe kwa matamvua. Kwa hiyo msemo huu Mwanza ni uongo, Tanga ni kweli. Hukumu: mlevi anayekwenda chooni kila dakika ni sato, anayeamka na kiu ya kufa ni changu. Mkijuana mtaitana.

6. "A fish rots from the head down"

Samaki huanza kuoza kichwani. Mataifa mengi yanaugombea msemo huu, na viongozi wa mataifa hayo yote hawaupendi.

Ukweli wa mezani ni kwamba kinachotangulia kuharibika ni matumbo, ndiyo maana hutolewa mapema. Lakini mtazame mnunuzi mzoefu pale soko la Feri. Tumbo haligusi kwanza. Anamwinua samaki, anapenyeza kidole chini ya shavu na kulifunua. Tamvua likiwa jekundu, anauliza bei. Likiwa limepauka, limeingia rangi ya kahawia na utelezi, anamrudisha mezani bila neno. Kisha anamtazama jicho: limetuna na kung'aa, au limezama? Ubovu umeanzia tumboni, ila habari zake zinasomwa kichwani. Hukumu: kwa siasa msemo huu ni mkali kuliko hata walioutunga walivyodhani. Umetaja kichwa, ukasahau kwamba aliyeanza ni tumbo.

5. "There are plenty more fish in the sea"

Faraja anayopewa aliyeachwa: usilie, baharini samaki ni tele. Hapa sicheki sana.

Kwa karne nyingi watu waliamini hivyo kuhusu samaki aina ya cod kwenye pwani ya Newfoundland, Kanada. Walivuliwa kana kwamba bahari ni ghala lisilo na sakafu, na meli kubwa za nyavu zilipoingia, sakafu ikaonekana. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ilipiga marufuku uvuvi huo, na watu wapatao 30,000 wakabaki bila kazi. Marufuku ya biashara hiyo yaliondolewa mwaka 2024, miaka 32 baadaye, tena kwa kiwango kidogo. Nasi tuliosikia baruti zikivunja matumbawe kwenye pwani yetu tunajua kwamba samaki tele ni habari ya jana. Hukumu: aliyeachwa mpe chai na sikio la kumsikiliza. Takwimu za baharini zitamliza zaidi.

(Najua tayari kuna mtu anauliza "red herring" iko wapi. Nimeiacha makusudi. Huyo ni samaki aliyekolezwa chumvi na moshi hadi akawa mwekundu, na umaarufu wa msemo unatokana sana na mwandishi William Cobbett. Mwaka 1807 alisimulia jinsi alivyowapoteza mbwa wa msako kwa harufu ya samaki huyo, akiwapiga vijembe wahariri waliokimbilia habari ya uongo kwamba Napoleon ameshindwa. Msemo ni mtamu, lakini mwenye sifa humo ni mbwa. Orodha hii ni ya samaki. Tuendelee.)

4. "Fish and visitors stink in three days"

Benjamin Franklin aliuchapa kwenye almanaka yake mwaka 1736, ingawa wazo lenyewe ni kongwe kuliko yeye: mgeni na samaki, siku ya tatu wananuka. Sasa msomaji wangu, wewe ulikua ukiambiwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wa pande mbili za dunia, bila kuulizana, wamefikia siku ileile!

Lakini hukumu lazima itolewe, na naitoa bila woga: sisi tumewashinda. Kwao mgeni wa siku ya tatu ni uozo, anasubiri kutupwa. Kwetu ni nguvukazi. Halafu huyo Franklin angefika Pemba angeona samaki wa siku ya tatu akiwa ametiwa chumvi, ameanikwa juani, amekuwa ng'onda, na thamani yake bado ipo. Mgeni akipatiwa jembe na samaki akipatiwa chumvi, wote wawili wanaweza kukaa mwezi.

3. "Billingsgate"

Neno moja, maana yake matusi ya nguoni. Billingsgate ni soko la samaki la London, lililokuwa kando ya mto Thames hadi lilipohamishiwa Isle of Dogs mwaka 1982. Tangu karne ya 17 jina lake likawa jina la lugha chafu, kwa sababu ya wapagazi na hasa wanawake wauza samaki waliosifika kwa midomo mikali.

Hili linanigusa, nalo limepanda juu kwa sababu hiyo. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye mnada wa samaki anajua kwamba pale hapasemwi kwa kunong'ona. Barafu inayeyuka, jua linapanda, bei inashuka, dalali anapaza sauti, mchuuzi ana ndoo moja na watoto watatu. Utaombaje samaki kwa sauti ya maktaba? Na sikilizeni ajabu hii: sheria ya mwaka 1699 ililifanya Billingsgate kuwa soko huru la samaki wa kila aina, isipokuwa mikunga. Biashara ya mikunga waliachiwa wavuvi wa Kiholanzi, kwa kuwa waliwalisha wakazi wa London wakati wa ule moto mkubwa wa 1666. Waholanzi wakakumbukwa kwa mikunga. Wanawake waliolisha jiji hilohilo kila alfajiri, mvua na baridi, wakakumbukwa kwa matusi. Hukumu: nafasi ya tatu, na ni ya akina mama, si ya kamusi.

2. "Catfish"

Kambale! Siku hizi kwa Kiingereza ni mtu anayejifanya mwingine mtandaoni ili apendwe. Jina limetoka kwenye filamu ya Marekani ya mwaka 2010, ambamo Nev Schulman anampenda msichana wa mtandaoni, anafunga safari kumfuata, na kumkuta mama wa makamo mwenye mume wake. Aliyemleta kambale ni huyo mume. Anasimulia kwamba cod waliposafirishwa wakiwa hai walilegea njiani, basi wakawekewa kambale matangini ili wawakimbize na kuwachangamsha; na maishani, anasema, wapo watu wa namna hiyo. Yaani mwenzenu alikuwa anasifia! Dunia ikalichukua neno likawa tusi.

Na kambale huyuhuyu kwa Kiswahili ana kesi nyingine kabisa: baba ana sharubu, mama ana sharubu, mtoto ana sharubu, haijulikani mkubwa nani. Sisi tunamlaumu kwa kukosa heshima nyumbani, wao kwa kuficha sura. Lakini mpaaji samaki yeyote atakwambia kambale hana magamba. Hukumu: samaki aliye uchi kuliko wenzake ndiye kapewa kesi ya kujificha. Rufaa ipo wazi.

1. "Hook, line and sinker"

Aliyedanganywa akaamini kila kitu amemeza ndoana, mshipi na chubwi. Huu ndio bingwa, kwa sababu mvuvi wa mshipi haulizi swali hata moja.

Fuata mpangilio. Ndoana imefunikwa na chambo, kwa hiyo kuimeza ni bahati mbaya, inaweza kumpata yeyote. Mara nyingi samaki hunasa mdomoni na mvuvi akaichomoa kwa vidole. Mwenye pupa huipeleka hadi tumboni, na hapo mpaka apasuliwe. Lakini mshipi hauna ladha. Na chubwi ni kipande cha risasi! Aliyefika huko chambo amekimaliza zamani, ameonja uzi, ameonja risasi, na bado anaendelea.

Wezi wa mtandao kwa Kiingereza walipewa jina la uvuvi, "phishing", tangu miaka ya 1990, na wa kwetu hawajabaki nyuma: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Aliyesoma ujumbe akashtuka, akadhani ni mwenye nyumba, amegusa ndoana. Aliyetuma amemeza mshipi. Aliyetuma akaongeza na ya kutolea, huyo amemeza chubwi.

Anayebisha alete msemo wake, ila aje na jina la samaki.